Anza na Kilicho Nyuma: Mazoezi ya Kupanga Picha, Masasi hadi Newala

Mwanafunzi wa upigaji picha akishuka stendi ya Masasi, kitu cha kwanza anachotamani ni milima ya mawe. Ana haki. Mtandi, Mkomaindo na wenzao wameota kwenye tambarare kila mmoja peke yake, miamba mitupu inayobadilika rangi kadiri jua linavyotembea. Basi humsimamisha rafiki yake mbele ya mlima, hurudi nyuma ili kila kitu kiingie, hubonyeza. Akitazama kioo anakuta rafiki mdogo, mlima mdogo zaidi, na katikati yao nyaya za umeme, paa la bati na nusu ya bodaboda.

Simu haina kosa hapo. Macho yalimtazama rafiki tu, na kamera haijui nani ni rafiki na kipi ni waya. Inachukua vyote sawasawa. Ndiyo maana ushauri wangu kwako ni mmoja, na mazoezi yote utakayosoma hapa yanauzunguka: panga kilicho nyuma kwanza, mtu aingie baadaye. Kwa nyanda hizi za Masasi na uwanda wa Makonde, ambako nyuma ya mtu kuna mwamba, ukuta wa udongo, mikorosho au bonde zima la Ruvuma, naamini hili lina uzito kuliko kanuni nyingine yoyote ya kupanga picha.

Kanuni ya theluthi utaisikia kwa kila mwalimu, na ni nzuri. Washa gridi kwenye kamera ya simu yako, fremu igawanyike sehemu tatu kwa wima na tatu kwa ulalo, kisha weka jicho la mtu au kilele cha mlima pale mistari inapokutana. Utaizoea upesi. Ila gridi haitakuonya kwamba nguzo ya umeme imechomoza kichwani mwa bibi harusi.

Tuanze na mlima wenyewe. Nenda Mtandi, ambako kanisa kuu la Anglikana limejengwa chini ya mwamba. Wamisionari wa UMCA, shirika la Kianglikana, waliingia Masasi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani, na historia hiyo bado inaonekana pale kwenye kanisa na jiwe lake. Omba ruhusa kwa wahusika kabla ya kuingia na kamera. Kisha msimamishe mwenzako mita mbili mbele yako, umpige bila kuvuta. Sasa yeye abaki palepale, wewe rudi nyuma mpaka mita nne, uvute mara mbili ili awe na ukubwa uleule kwenye fremu. Linganisha picha hizo mbili. Mtu hajabadilika, lakini mlima umekua maradufu, kwa sababu kwake umbali kutoka kwako haujabadilika kitu, wakati kwa mwenzako umeongezeka mara mbili. Ukiwa na lenzi ya kuvuta zaidi, rudi hadi mita kumi uone mwamba unavyomsimamia mtu mabegani. Ukitaka mlima uwe mkubwa, basi, ongeza umbali kati yako na mtu, halafu vuta. Wengi hufanya kinyume chake, wanamkaribia mtu kwa lenzi pana, uso unavimba pua na mlima unazama.

Ukiwa hapohapo, fanya zoezi la shingo. Angalia mahali ambapo mstari wa upeo, yaani pale ardhi au ukingo wa mlima unapokutana na anga, unapita kwenye mwili wa mtu. Ukipita shingoni, umemkata kichwa. Ukipita machoni, umemfunga kitambaa. Piga goti moja, kichwa chake kitapanda juu ya mstari na kubaki kwenye anga tupu. Panda juu ya jiwe, kichwa kitashuka na kuzungukwa na mwamba peke yake. Hakuna mpangilio wa simu unaoweza kufanya kazi ya magoti yako. Rudia zoezi hili mpaka usihitaji kufikiri, maana ndilo litakalokuokoa siku ya mkutano wa hadhara au harusi, pale usipokuwa na nafasi ya kumwambia mtu asogee.

Zoezi linalofuata halihitaji kutembea hata kidogo, na kwa sababu hiyo wanafunzi wengi hulikwepa. Tafuta ukuta. Masasi na Newala zina kuta nzuri sana: nyumba za udongo zilizokandikwa rangi mbili, nyekundu chini na nyeupe juu, milango ya maduka iliyopakwa buluu ikachubuka, kuta za maghala zenye maandishi ya msimu uliopita. Chagua mmoja unaopigwa na jua la pembeni, panga fremu yako bila mtu ndani yake, hakikisha kingo zote nne ni safi, kisha ngoja. Atapita mwanamke na ndoo, mtoto na tairi, mzee na baiskeli iliyobeba kuni. Bonyeza pale hatua inapofunguka, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, na mbele ya mpita njia pamebaki nafasi zaidi kuliko nyuma yake. Ukichelewa akawa anatoka kwenye fremu, acha, usimfukuze. Atakuja mwingine.

Martin Munkácsi, mpigapicha mzaliwa wa Hungaria, alipiga takriban mwaka 1930 picha ya wavulana watatu wakiyakimbilia mawimbi, picha iliyozoeleka kutajwa kwa jina la Ziwa Tanganyika ingawa mahali ilipopigwa panabishaniwa. Henri Cartier-Bresson, mpigapicha wa Ufaransa, alieleza kwamba ni picha hiyo iliyomwasha. Ukiitazama, utaona kwa nini: miili ni myeusi, povu nyuma yao ni jeupe, na kila mkono na kila mguu unasomeka. Hao wavulana wangekimbia mbele ya kichaka chenye giza, mwendo ungekuwa uleule na picha isingekuwepo. Ndivyo ilivyo sokoni Masasi. Watu watatu wanaozungumza mbele ya rundo la mitumba watamezwa na nguo, lakini sogea hatua mbili kulia, waangukie kwenye uwazi wa barabara, na kila mmoja atapata umbo lake. Jifunze kuona upenyo kati ya mwili na mwili. Ukiwa mdogo kiasi cha kidole, subiri uongezeke.

Watu wa huku wamepigwa picha siku nyingi. Mwaka 1906, wakati vita vya Maji Maji bado havijapoa, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alizunguka Masasi na Newala akiwa na kamera, mashine ya picha za mwendo na fonografu ya kurekodia nyimbo. Kazi yake ina thamani kwa historia. Hata hivyo, ukitazama picha za wageni wa enzi hizo, mara nyingi mtu amesimamishwa akikabili kamera, amepangwa na mwingine kwa sababu za huyo mwingine. Wewe una nafasi ambayo mgeni hakuwa nayo: unajua salamu, unaweza kukaa, unaweza kurudi kesho. Tumia nafasi hiyo kumwacha mtu aendelee na shughuli yake, upangaji uwe wa miguu yako na si wa amri zako.

Sasa panda Newala. Mji umekaa ukingoni mwa uwanda, na pale panapoitwa Shimo la Mungu ardhi inakatika ghafla, macho yanashuka hadi bonde la Ruvuma na ng'ambo yake Msumbiji. Hakuna anayefika pale asitoe simu, na ni wachache wanaoondoka na picha. Sababu ni kwamba macho yako yanazunguka, yanapima umbali, yanahisi upepo. Picha ni kipande bapa. Mandhari kubwa bila kitu cha karibu hugeuka kuwa mistari miwili ya rangi, kijivu chini na buluu juu.

Kwa hiyo tafuta kitu cha karibu kwanza: tawi, jiwe lenye ufa, mtu aliyekaa, njia ya miguu inayoteremka. Kipe theluthi ya chini ya fremu. Kisha tafuta cha katikati, labda mti mmoja kwenye mteremko au moshi wa shamba, na mwisho bonde. Matabaka hayo matatu ndiyo yanayomfanya mtazamaji aamini kwamba pale ni mbali. Asubuhi, hewa ya bondeni ikiwa na ukungu, kila tabaka huwa jepesi kuliko lililo mbele yake, na kazi yako inakuwa rahisi. Mvua zikishakatika, Mei na Juni, hewa huwa safi na unaona mbali. Kuelekea Septemba na Oktoba, watu wanapochoma mashamba, moshi hufuta bonde lakini hulipa jua la jioni duara jekundu unaloweza kulitazama kwenye kioo. Na tafadhali, mtu unayempiga asirudi nyuma hata hatua moja kwa ajili ya picha. Ukingo ule hausamehe.

Jua lenyewe lina ratiba, na mpigapicha wa Newala anapaswa kuijua kama mkulima anavyoijua. Juni huzama kaskazini-magharibi, yaani upande iliko Masasi. Desemba huzama kusini-magharibi. Mti uliokupa kivuli kizuri cha ubavuni mwezi Juni hautakupa kilekile baada ya miezi sita. Chagua sehemu moja ukingoni, upige jioni moja kila mwezi ukisimama palepale, na baada ya mwaka utakuwa na somo ambalo hakuna mtu atakayeweza kukuuzia.

Kitu kingine kuhusu jua: sehemu hizi ziko kama nyuzi 11 kusini mwa ikweta, kwa hiyo karibu na tarehe 20 Oktoba, na tena karibu na tarehe 20 Februari, jua la mchana hupita juu ya utosi kabisa. Kivuli cha mtu kinajificha chini ya nyayo zake. Paji la uso linang'aa, macho yanakuwa mashimo mawili meusi, na kofia inaufanya uso mzima uwe giza. Oktoba ndipo minada ya korosho inapoanza, watu wako ghalani, magunia yanapangwa, na mwanafunzi anataka kupiga saa sita hiyohiyo. Ukilazimika, waombe watu wasogee kibarazani au chini ya mwembe, wakae karibu na pale kivuli kinapoishia, nyuso zikitazama nje. Ardhi ile nyekundu iliyo juani itawarudishia mwanga laini wenye joto kutoka chini, na macho yatafunguka. Ila mandharinyuma ya juani usiiingize. Nyuma yao kuwe na ukuta au giza la ndani ya nyumba. Gusa uso kwenye kioo na kushikilia mpaka simu ifunge fokasi na mwanga, vinginevyo itapima mwanga wa uwanja na kumfanya mtu awe kivuli tu.

Vinginevyo fanya kazi asubuhi kabla ya saa tatu na jioni baada ya saa kumi.

Mikorosho inahitaji maelezo yake, kwa sababu ni shamba zuri kwa mwanafunzi na pia ni mtego. Miti iliyopandwa kitaalamu imeachana mita 12 kwa 12, hivyo ukisimama katikati ya safu mbili unapata mistari inayokimbilia mbali, na ukisogea mpaka kona unapata safu za mshazari. Piga zote mbili. Ya kwanza ina utulivu, ya pili ina mwendo. Amua kufuatana na anachofanya mtu wako. Anayeokota korosho ameinama, taratibu, mti kwa mti, naye hukaa vizuri kwenye mistari ya moja kwa moja. Anayeendesha baiskeli yenye gunia anadai mshazari. Mtego ni madoa ya jua yanayopenya majani. Doa moja likitua shavuni, picha imekwisha. Mwombe mtu aingie ndani zaidi ya kivuli au ngoja wingu.

Kati ya Juni na Agosti wakulima hupulizia salfa kuzuia ubwiriunga, nao hufanya hivyo alfajiri wakati upepo umetulia. Mwanga wa kwanza ukipita kwenye lile vumbi la salfa unakuwa mihimili inayoonekana, na hapo kilicho nyuma ndicho kinachong'aa kuliko vyote. Simama ili mti wenye giza ulizuie jua lisiingie moja kwa moja kwenye lenzi, mpulizaji awe ubavuni, umbo lake lisomeke pamoja na bomba la mashine. Kaa upande upepo unakotokea, funika pua na mdomo, na usiingie kwenye lile wingu. Salfa inachoma macho na kifua, na hakuna picha inayostahili kukufanya ukohoe usiku kucha.

Msimu ukiiva, somo kubwa liko uani kwa wanaobangua. Nenda ukiwa na adabu na muda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Naomba nikupige picha ukiwa kazini hivyohivyo. Ni za masomo."

"Na mimi nitapata?"

"Utapata mama. Nitaisafisha nikuletee."

Weka kamera pembeni kwanza, kaa utazame. Mama amenyoosha miguu, jiwe bapa mbele yake, korosho zilizokaangwa upande mmoja zikiwa nyeusi kama makaa. Huichukua moja kwa vidole viwili, huisimamisha kwa mgongo wake juu ya jiwe, huigonga kwa kijiti mara moja, ganda linapasuka, punje inatoka nzima na kudondoka kwenye ungo. Vidole vimepakwa majivu kwa sababu mafuta ya ganda yanaunguza ngozi. Hata hivyo ncha zake zimekuwa nyeusi, na weusi huo hautoki kwa sabuni. Ukimtazama dakika chache utagundua mdundo: chukua, simamisha, gonga, dondosha. Picha yako iko kwenye "simamisha", kabla kijiti hakijashuka, kwa maana hapo mkono umetulia nusu ya sekunde na mtazamaji anajua kitakachofuata.

Piga mara tatu, kila mara kwa umbali tofauti. Kwanza ua wote, mama akiwa mdogo kati ya vitu vyake. Kisha kuanzia kiunoni hadi kichwani, mikono ikiwa katikati. Mwisho vidole, jiwe na korosho peke yake, ukaribie mpaka fremu ijae. Ua huwa na mengi nyuma: ndoo, kamba ya nguo, kuku, viatu. Usihamishe vitu vya watu. Badala yake shuka chini mpaka macho yako yawe sawa na yake na ukuta utokee nyuma, au simama umpige kutoka juu, na hapo jamvi na ardhi ndivyo vitakavyokuwa mandharinyuma. Kutoka juu, ungo ni duara jeupe, maganda ni duara jeusi, na mikono inakwenda kati yake. Kwa maoni yangu hakuna zoezi la maumbo linaloshinda hilo katika mkoa mzima wa Mtwara.

Kuna mahali ambapo kamera inabaki mfukoni. Jando na unyago vina sehemu zake za wazi, pale wari wanapotolewa na watu wanasherehekea, na vina sehemu za siri. Za siri usizikaribie, hata kwa lenzi ndefu, hata ukiwa mzaliwa wa hapo. Ngoma ya mapiko ikichezwa hadharani, zungumza na kiongozi wa kikundi, piga kinyago na mwendo wake, lakini usimfuate mchezaji nyuma ya nyumba anakovalia. Nani yuko ndani ya lipiko si habari yako. Watoto, ongea na mzazi. Askari, vituo vyao na shughuli za mpakani, acha kabisa. Na ujue kwamba picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mtu akikukatalia, shukuru, endelea na njia yako.

Jioni, unapochagua, fanya hivi. Fungua kila picha na upitishe jicho kwenye kingo nne kabla ya kuangalia katikati. Kama kuna kitu kinachoingia ukingoni bila kazi, kiwiko, nusu ya jerikeni, kivuli chako mwenyewe, jiulize kama kukata fremu kutasaidia. Ukikata zaidi ya robo, picha hiyo ilitakiwa usogee; iweke kando iwe somo. Usifute kitu siku hiyohiyo. Zile ulizozikataa zitakueleza tabia yako kuliko ulizozipenda: labda unasimama mbali kila mara, labda unapiga kila kitu kwa urefu wa macho yako, labda mistari yako yote inainamia kushoto. Ukiijua tabia, kesho yake nenda ukafanye kinyume chake kwa makusudi.

Kisha chagua chache, uzipeleke studio zikasafishwe, uzirudishe kwa wenyewe kama ulivyoahidi. Usikabidhi na kuondoka. Kaa, muulize mama anaona nini. Ataanza na kile kilicho nyuma: ule ni mkorosho aliopanda marehemu baba, lile tangi tunakingia maji ya mvua kwa kuwa bomba halitoi kila siku, yule anayepita ni mtoto wa jirani anayesoma Kitangari. Yaandike yote nyuma ya nakala yako pamoja na mahali, mwezi na mwaka, na jina la mtu kama mwenyewe anavyoliandika, iwapo ameridhia litajwe. Halafu muulize kama kuna kitu alichotaka kionekane kikakosekana, na saa ngapi kesho anaanza kubangua.